Mti Uliolala Mgunda Mkali

Kisiki kilichoiua pikapu ya Adinani hakikuwa kikubwa. Kilikuwa cha mti uliokatwa zamani na wapasua mbao, majani marefu yakakifunika, na gurudumu la mbele lilipokikosa, tumbo la gari likakipata. Ilisikika sauti kama ya bati linalochanwa. Adinani alizima injini, akashuka, akajipenyeza chini ya gari. Alipotoka, mikono yake ilikuwa imelowa oili mpaka kwenye viwiko.

"Sampu imepasuka," alisema. "Oili yote imekwenda mchangani."

Walikuwa kusini mwa Tura, ndani kabisa ya pori ambalo watu wa misafara ya zamani waliliita Mgunda Mkali, kwa sababu lilikuwa linawala wapagazi kwa kiu kabla hawajaiona Tabora. Njia waliyokuwa wakiifuata ilikuwa ya magogo, imeachwa kwa miaka, na simu zao zilikuwa zimepoteza mtandao tangu asubuhi.

Aliyewaleta huko ni Recheli. Alikuwa mtaalamu wa mimea, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Sikonge, na alikuwa akitafuta kichaka kimoja tu. Kwa miaka alikuwa amesikia habari za mbula mfupi, mmea unaofanana na mti mkubwa wa mbula kwa jani na tunda, ila hauvuki kimo cha goti. Wataalamu wenzake walimwambia mmea huo haupo katika nchi ya Tabora. Walisema hayo ni machipukizi ya mbula wa kawaida, yanayochomwa na moto kila kiangazi yakashindwa kukua. Recheli hakukubali. Mjomba wake Leodgar, mfuga nyuki aliyelijua pori hilo kuliko alivyoijua sebule yake, alikuwa ameuona mmea huo akienda kwenye mizinga. Akajitolea kumpeleka. Adinani, fundi magari wa Isevya mjini Tabora, ndiye aliyekuwa na gari.

"Tutarudi kwa miguu kwa njia tuliyojia," Adinani alisema. "Maji tunayo, madumu mawili. Tukitembea jioni na alfajiri..."

Leodgar aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa amegeuza uso upande wa mashariki, pua juu.

"Nini, mjomba?" Recheli aliuliza.

"Moshi."

"Si wachoma mkaa?"

"Moshi wa mkaa husimama. Huu unakimbia."

Ndipo wote wakausikia: mvumo mzito, kama mvua kubwa inayokuja juu ya mabati. Swala wawili walitoka kichakani, wakawapita karibu kiasi cha kuguswa, bila kuwatazama. Kisha upepo ukageuka moto, na juu ya vilele vya miyombo ukaonekana ukuta wa rangi ya kutu ukiwajia.

"Tokeni kwenye gari!" Leodgar alifoka. "Petroli hiyo! Njooni huku!"

Alikimbia kuelekea magharibi, ambako majani yalikuwa mafupi, akapiga magoti na kuwasha kiberiti. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ikashika. Moto wake mdogo uliyaramba majani, upepo ukausukuma, ukaenda zake mbele yao ukiacha nyuma kipande cha ardhi nyeusi kinachofuka. Recheli alielewa. Alivua kanga kiunoni, akajifunika kichwa na mdomo, akaingia juu ya majivu ambayo yalikuwa bado yanachoma nyayo kupitia viatu.

Adinani hakuwa nyuma yao. Alikuwa amerudi kuchukua maji.

Walimwona akilishusha dumu moja, akalikumbatia kifuani, akaanza kukimbia. Moto ulimfikia hapo. Haukumpita juu, ulimpitia miguuni, kwenye majani makavu. Alianguka, na dumu likamponyoka likabingirika ndani ya miali. Recheli na mjomba wake walimrukia, wakamshika mmoja mkono huu na mwingine ule, wakamburuta hadi kwenye majivu, wakamlalia juu kuizima suruali yake. Kisha ukuta ule ukafika, na ulimwengu mzima ukawa kelele. Walilala kifudifudi, midomo imegusa ardhi, wakivuta pumzi iliyokuwa na ladha ya chuma. Nyuma yao pikapu ililipuka.

Ulipopita, walinyanyua vichwa wakaona nchi nyingine. Kila kitu kilikuwa cheusi, na miti ilisimama ikifuka kama watu wanaovuta tumbaku. Yale madumu yalikuwa yamekuwa vipande vya plastiki iliyoganda. Maji yaliyobaki yalikuwa chupa moja ndani ya mkoba wa Recheli, nayo haikujaa.

Adinani alikuwa ameungua mguu wa kushoto kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Ngozi ilikuwa imeinuka. Recheli alichana kipande kisafi cha kanga, akaufunika mguu bila kuukaza.

"Unauma?"

"Dada, usiniulize maswali ya shuleni."

Leodgar alicheka, na kicheko hicho kikawasaidia wote watatu kusimama.

Walishauriana. Njia ya magogo ilizunguka mbali mno, na yote ilikuwa imeungua. Reli inayopita Tura ilikuwa kaskazini. Ukienda kaskazini bila kupinda, lazima uikute, kwa sababu imelala toka mashariki hadi magharibi kama kamba.

"Na maji?" Adinani aliuliza.

"Babu wa babu yangu alipita hapa na pembe ya ndovu begani," Leodgar alisema, akipukuta majivu kwenye kofia yake. "Alikwenda pwani, akarudi, na aliporudi ndipo alipoitwa mwanamume. Sisi pembe hatuna. Tunajibeba wenyewe tu. Tutashindwa hata hilo?"

Wakaondoka. Adinani alijikongoja kwa fimbo. Walitembea jua lilipoanza kulegea, wakalala pale giza lilipowakuta, wakaamka mapema baridi ikiwa bado imeshika mchanga. Kila mmoja alipewa maji kwa kifuniko cha chupa, akayazungusha mdomoni muda mrefu kabla ya kuyameza. Kufikia jua la utosi chupa ilikuwa tupu, na Recheli aliendelea kuibeba kwa kuwa hakuweza kuitupa.

Walitoka kwenye nchi iliyoungua wakaingia kwenye vichaka. Hivyo vilikuwa kitu kingine. Matawi yalisukwa pamoja kama tenga, hayana jani, na miba ilivua mashati na ngozi. Leodgar alitangulia na panga, akikata kidogo kidogo, na mara kwa mara alitazama kivuli chake kuhakikisha upande. Ndimi zilikuwa zimevimba. Recheli alianza kusikia mlio masikioni, mwembamba, usiokoma, na alipomtazama Adinani aliona midomo yake imepasuka na damu haitoki.

Vichaka viliishia ghafla. Mbele yao kulikuwa na uwanja wa mchanga mweupe, na juu ya mchanga huo, umetapakaa kama mkeka, ulisimama mmea mfupi wenye majani magumu ya kijani.

Leodgar alichuma jani, akaligeuza. Upande wa chini ulikuwa mweupe na laini kama flana.

"Mbula!" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Adinani, mbula! Hapa pana maji!"

Kila Mnyamwezi aliyekulia porini analijua hilo. Mbula mkubwa huota pale ambapo maji hayako mbali chini ya ardhi, pembeni mwa mbuga za udongo mweusi, na hata jina lake kwa Kinyamwezi ni lile lile la mvua. Adinani alitupa fimbo, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Leodgar akachimba kwa panga.

Recheli alibaki amesimama. Matunda yalikuwepo, madogo, ya rangi ya kahawia, mengine yameanguka. Alipasua moja akaliweka ulimini. Lilikuwa tamu, lakini nyama yake ilikuwa unga mtupu, ikamnyonya hata mate machache aliyokuwa nayo. Alitazama mmea aliochuma tunda hilo. Ulimfika gotini. Akatazama mwingine, na mwingine. Yote ilikuwa imezaa.

Alipiga magoti penye shimo la mjomba wake. Panga lilikuwa limegonga shina nene la mti, unene wa mkono wa mtu, limelala ubavu ndani ya mchanga. Recheli alilifuata kwa vidole. Halikwenda chini. Lilikwenda pembeni, likagawanyika, tawi moja likaibuka kuwa kichaka hiki, lingine likaibuka kuwa kile. Alifukua mbele zaidi, kwa kasi, akisahau kucha zake zinazovunjika. Vichaka vyote vile havikuwa mimea mingi. Vilikuwa mti mmoja, shina lake na matawi yake yamezikwa ardhini, umetoa ncha tu zilione jua.

Furaha na woga vilimpanda pamoja, akashindwa kujua machozi yangekuwa ya kipi, kama angekuwa na machozi.

"Acheni kuchimba," alisema.

Hawakumsikia.

"Mjomba, kaka Adinani, acheni! Hapa hakuna maji."

"Mbula ni mbula," Leodgar alisema bila kuinua kichwa.

"Huu sio ule. Mjomba, tazama. Chipukizi lililochomwa na moto halizai likiwa na kimo hiki, hilo unalijua wewe mwenyewe. Huu umezaa kwa sababu umeshakomaa, ndio utu uzima wake huu. Na mbula mkubwa mzizi wake unazama kufuata maji. Huu unatambaa. Unakunywa mvua inayopita juu juu, halafu unangoja mwaka mzima. Ndiyo maana umejificha chini."

Adinani alikaa kitako mchangani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Una hakika?"

"Nina hakika. Laiti nisingekuwa nayo."

"Dada, sina nguvu ya kutembea tena. Kama umekosea..."

"Nikikosea, nguvu tutakuwa tumezipoteza kutembea. Nikiwa sawa na tukaendelea kuchimba hapa, tunachimba kaburi."

Leodgar alilishika lile shina kwa viganja vyote viwili, akalivuta, akaona jinsi vichaka viwili vilivyo mbali vilivyotikisika kwa pamoja. Kisha akafuta panga kwenye suruali.

"Ni kweli," alisema. "Nimewahi kuupita mara nyingi, sikuwahi kuufukua. Basi tukae kivulini tungoje ndege."

"Ndege gani?"

"Ninga. Jioni wanakwenda kunywa. Huruka chini, moja kwa moja, hawachezi njiani."

Wakajikunja kwenye kivuli chembamba cha ukingo wa vichaka. Lakini kabla ya kukaa, Recheli alitoa mkasi wake mkobani, akarudi uwanjani. Alikata matawi yenye majani na matunda. Kisha alichukua panga la mjomba wake, akaanza kukikata kipande cha lile shina la chini, kirefu, chenye vichipukizi viwili vikiwa vimeshikana nacho. Kila pigo lilimfanya aone nyota.

"Tunakufa hapa," Adinani alimwambia kwa uchungu, "wewe unakata vijiti?"

Recheli aliendelea mpaka kipande kikaachia. Alikifunga pamoja na matawi kwa ukanda wa kanga.

"Wamesema haupo," alijibu, akihema. "Upo. Mimi nimeukuta, kwenye nchi yetu, kwa mikono yangu hii. Nisipofika, atakayenikuta aone nilichokuwa nimebeba."

Adinani aligeuza uso pembeni.

Ninga walikuja jua likiwa limegusa vichaka. Wawili, kisha kundi, wakapita juu yao kwa mlio wa mbawa, wakielekea kaskazini na magharibi kidogo. Leodgar alipanga mawe matatu kuonyesha mstari wao. Alfajiri waliufuata.

Safari hiyo Recheli hakuikumbuka yote. Alikumbuka ardhi ikianza kuteremka, taratibu sana, na mchanga ukigeuka kutoka mweupe kuwa wa kijivu. Alikumbuka mguu wa Adinani ukinuka na nzi wakiufuata. Alikumbuka kuanguka, akasimama, akaanguka tena, na safari hiyo alihisi mzigo ukitolewa begani pake. Alidhani ni mjomba. Alipofumbua macho alimwona Adinani, mwenye mguu mmoja mzima, akijitwika lile fungu begani na kulikamata kwa mkono.

"Uache," alimwambia. "Wewe ni mgonjwa."

"Nimekasirika, sijafa," Adinani alisema. "Inuka, dada. Nikikubebea kijiti, miguu ubebe mwenyewe."

Akainuka.

Miti ile waliiona kwanza kama wingu lililokaa chini. Ilipokaribia ikawa na vigogo vya kijivu vilivyopasukapasuka, na vilele vya mviringo vya kijani kibichi, kijani ambacho hakikuwa na haki ya kuwepo kiangazi hicho. Recheli alijiburuta hadi kwenye mmoja, akainua shingo kutazama juu, akaokota jani, akaligeuza.

"Huu sasa," alisema. "Huu ndio mkubwa. Chimbeni."

Mbele ya miti hiyo ilianza mbuga, udongo mweusi uliopasuka kama sahani iliyoanguka. Walichimba ukingoni, mahali ambapo nyayo za ninga zilikuwa nyingi kwenye kishimo kidogo kilichokauka karibuni. Panga liling'oa mabonge makavu, halafu mabonge yenye ubaridi, halafu udongo uliogandamana kiganjani na kubaki na alama za vidole. Leodgar aliingia shimoni hadi kiunoni. Alipotoa mkono, ulikuwa unang'aa.

Walikaa kulizunguka shimo wakitazama maji yakijikusanya, meusi, mazito, yananuka tope. Recheli alitandika kanga juu ya mdomo wa chupa, wakayachuja. Adinani alipewa kwanza. Alikunywa, akafumba macho, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtoto, kisha akampitishia Leodgar chupa kwa mikono miwili.

Walishinda hapo, wakinywa kidogo kidogo, wakiosha ule mguu. Jioni walisikia honi ya treni, mbali lakini wazi, kaskazini. Na kesho yake, wakiifuata sauti hiyo, walikutana na mfugaji wa Kisukuma aliyeitwa Masele, akitafuta maksai waliopotea, na mkokoteni wake wa ng'ombe nyuma. Aliwatazama kama mtu anayeona mizuka.

"Nyinyi si wale wa gari lililoungua?" aliuliza. "Tura nzima inawalilia. Wamelikuta gari, wakasema mmekwisha."

Aliwapandisha mkokotenini, akawapa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Njia nzima Leodgar alikaa amenyooka. Nyumba za kwanza za Tura zilipoonekana, alimwambia Masele asimamishe ng'ombe.

"Kuna nini, mjomba?" Recheli aliuliza.

"Misafara ya zamani ilipofika Unyanyembe, huko Tabora, ilisimama kwanza nje," alisema, akifunga vifungo vilivyobaki kwenye shati lake. "Watu wakaoga, wakavaa, ndipo wakaingia kwa nyimbo. Hakuna aliyeingia amelala kama mzigo. Nawa uso, mwanangu."

Wakanawa kwa maji ya Masele. Recheli alijifunga vizuri kilichosalia cha kanga yake. Wakashuka, hata Adinani, ambaye Masele alitaka kumzuia akashindwa, na wakaingia Tura kwa miguu yao, watatu sambamba, weusi kwa masizi, vichwa juu. Watoto waliwaona kwanza. Kisha wanawake wakatoka madukani, na vigelegele vikaanza upande mmoja wa barabara, vikavuka upande wa pili, vikawatangulia hadi stesheni.

Penye stesheni alikuwepo Mwanne, mke wa Adinani, aliyekuja na treni kutoka Tabora kuchukua maiti ya mumewe. Alikuwa amekaa juu ya mkeka na ndugu zake. Alisimama polepole. Alimwendea, akamshika uso, akamshika mabega, akautazama ule mguu, kisha akaliona fungu alilokuwa amejitwika.

"Nimekulilia mpaka sauti imekatika," alisema, machozi yakimtiririka, "halafu unanirudia na kuni?"

Watu wakacheka, wengine huku wanalia. Recheli alifungua mdomo ili aeleze, lakini Adinani alikuwa ameshalishusha fungu na kulifungua juu ya mkeka, kwa uangalifu, kama mtu anayefungua nguo mpya.

"Si kuni, mke wangu. Geuza jani hili. Umeona weupe huo? Sasa shika hapa. Hili ni shina, lakini halikusimama, lilikuwa limelala ndani ya mchanga, na hivi viwili vyote vimetoka kwake. Hapo nje unaona kichaka. Kumbe ni mti mzima."

"Mti gani unalala?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Huu hapa. Upo kwetu, Mgunda Mkali. Walikuwa wanasema haupo." Alimgeukia Recheli, na sauti yake ikawa na adabu ambayo hakuwa nayo walipoondoka Isevya. "Dada, niwaambie jina lake?"

"Waambie, kaka," Recheli alisema.

Adinani aliinuka kwa mguu wake mmoja, akamshika Mwanne bega, akalinyanyua lile shina juu ili hata waliosimama kwenye reli waweze kuliona, akatamka: "Mbula mfupi!"